Siku moja maishani mwangu: kutafuta matope mazuri ya Kyela

Saa tisa na nusu usiku, Mbeya

Dereva anapiga honi mara moja tu getini, maana majirani wamelala. Natoka na darubini shingoni, mabuti ya mvua mkononi na chupa ya chai. Kazi yangu ni kuongoza watu wanaopenda kutazama ndege, lakini leo simwongozi mtu. Leo nachagua mahali. Jumamosi nina wageni wawili, mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa Tanga waliokuja kumtembelea binti yao hapa mjini. Wana siku moja tu na wanataka ufukwe.

Jana mwalimu alinitumia ujumbe: "Mwanangu, maji yanajaa saa ngapi huko Matema?"

Ni swali la mtu anayeijua kazi. Kule kwao, safari ya kutazama ndege inaanzia kwenye kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa, tope linaenea mpaka ndege wanabaki vidoa vya mbali. Maji yakirudi yanawasukuma, wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichosalia, na wewe umeshakaa hapo unawasubiri. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo ni mengine. Ziwa Nyasa, ambako Matema ipo, halina habari hizo. Linajaa na kupwa mara moja kwa mwaka: kina huwa chini kabisa karibu na Novemba na Desemba, kisha mvua zinalipandisha hadi Aprili au Mei, na tofauti ni kama mita moja. Tuko Januari. Tope lililobaki wazi kwenye milango ya mito linazidi kufunikwa kila wiki, ndiyo maana siwezi kutegemea nilichokiona mwaka jana.

Saa kumi na nusu, Isongole

Ukungu. Taa za gari zinaishia mita chache mbele, na mama wauza viazi bado hawajaamka. Hapa ndipo wageni wengi huniuliza kwa nini tunakwenda kutafuta "ndege wa majira ya baridi" wakati wa masika badala ya Juni au Julai, kipupwe kinapotutetemesha. Baridi yenyewe si ya kwetu. Ni ya Ulaya na Siberia. Kule ardhi ikiganda, ndege anayekula wadudu na minyoo ya topeni hana cha kuchokoa, kwa hiyo anashuka kusini kuanzia Agosti hivi na kurudi karibu na mwisho wa Aprili. Katika kipupwe chetu wengi wao wako kwao wanalea makinda.

Baada ya Tukuyu naanza kuvua masweta. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Mwili unaijua tofauti hiyo kabla ya macho. Chai inaisha mashambani, inakuja migomba, halafu kakao na michikichi.

Saa kumi na mbili na nusu, chini ya Ipinda

Jua linachomoza. Kutoka Kikusya mpaka Matema ni lami, na ingekuwa rahisi kuifuata hadi mwisho. Watu wote hufanya hivyo. Sisi tunaiacha na kushuka kuelekea Mwaya, kwenye majaruba ya mpunga.

Niseme wazi ninaloliamini: Matema ni ufukwe mzuri kuliko wote niliowahi kuuona bara, na kwa ndege wa topeni ni wa hovyo. Mchanga ni safi, maji ni maangavu, na kina kinashuka haraka. Mtu anayetaka kuogelea amefika. Lakini kitwitwi hatembei kilomita elfu kadhaa kuja kutazama mchanga safi. Anataka uchafu, yaani tope laini lenye viluwiluwi, minyoo na konokono wadogo. Hayo yapo mito inapomwagia ziwani, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na yapo kwenye mpunga.

Jaruba la kwanza ni tupu. La pili lina yangeyange wanaomfuata ng'ombe. La tatu, ambalo limelimwa lakini bado halijafunikwa na majani, nakaa nalo kwa muda mrefu. Kitwitwi wenye madoadoa mgongoni na nyusi nyeupe wanatembea kwenye maji ya kifundo cha mguu, wakidonoa kushoto na kulia. Mbayuwayu wa Ulaya wanapita chini chini juu ya mpunga. Kwenye tuta amesimama korongo mweusi yule ambaye mdomo wake haufungi katikati, ana konokono, na hana haraka. Kisha nasikia kabla sijaona: tyu-tyu-tyu, sauti tatu za wazi. Yule kitwitwi mkubwa mwenye miguu ya kijani amenishtukia, akaruka na kuwashtua wengine wote.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia ananyoosha mgongo. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Ndege, mama."

"Kwelea?" Anacheka mpaka jirani yake anainua kichwa. "Wabebe wote. Ndaga!" Yaani asante, kwa Kinyakyusa.

Namwelewa. Kwa mkulima wa mpunga, mtu anayesafiri usiku kucha kuja kumpenda ndege ana kasoro fulani. Mwezi wa nne mpunga ukianza kukomaa, watoto wake watashinda shambani kuamia, yaani kufukuza kwelea wasile mpunga. Namwonyesha kwenye darubini yule mla konokono, naye anaangalia kwa muda kuliko nilivyotegemea. Namwomba ruhusa ya kupita tutani kwake Jumamosi na wazee wawili. Anakubali, mradi tusikanyage miche.

Saa mbili na nusu, mwaloni Mwaya

Kwanza ofisi ya kijiji: kusaini kitabu cha wageni, kueleza, kueleza tena. Hatua hii hairukwi. Mtu mwenye darubini karibu na mpaka wa Malawi anaonekana kama mpelelezi hata akivaa kofia ya kuchekesha.

Mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nakutana na mzee mvuvi anayeshona nyavu. Nimejifunza kutowauliza wavuvi majina ya ndege, nauliza tabia zao. Namuuliza wale wadogo wanaokimbia matopeni hukaa wapi.

"Kule kwenye ulimi wa mchanga," anasema bila kuangalia. "Lakini uwahi. Ng'ombe wakishuka kunywa, wanahama."

"Ng'ombe wanashuka saa ngapi?"

"Saa tatu, saa tatu na nusu."

Hapo ndipo nimepata jibu la mwalimu. Huku hakuna saa ya maji kujaa, kuna saa ya ng'ombe. Namuuliza pia kuhusu mamba. Anasema asiyewaona asidhani hawapo, na ananionyesha mstari wa matete ambao hatupaswi kuukaribia. Mvua hizi samaki aina ya mbasa wanapanda mitoni kutaga, wavuvi wanawafuata, na mamba naye anajua ratiba. Kwa hiyo hakuna kutembea ndani ya maji. Kichocho nacho kipo, hiyo ni sababu ya pili.

Ulimi wa mchanga wenyewe umefupika kuliko nilivyoukumbuka. Upande wa ziwa wamekaa shakwe na mnandi wanaokausha mabawa. Upande wa ndani, kwenye kidimbwi kilichofungiwa na mchanga, kitwitwi wadogo wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama. Mmoja anatikisa mkia wake muda wote, hata akiwa hana la kufanya. Mdiria wa madoa meusi na meupe anaelea hewani kisha anajitupa majini.

Naangalia jua. Wengi hulisahau hili mpaka picha zimeharibika. Januari jua la mchana linapita kusini kwetu, na sisi tuko ncha ya kaskazini ya ziwa. Ukisimama ufukweni na kutazama maji, mng'aro wote unakuja usoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Dawa yake ni kulipa ziwa kisogo: simama kwenye mchanga, tazama kidimbwi na matete upande wa nchi kavu. Juni hali inageuka, jua linakuwa nyuma yako. Naweka alama kwenye simu mahali pa kusimama, na pa kuweka kiti, kwani mke wa mwalimu ana magoti mabovu.

Saa tatu na dakika kumi ng'ombe wa kwanza anatokea kwenye matete. Kidimbwi kinabaki kitupu.

Saa tano, Itungi

Napita haraka. Ni bandari ya zamani, na mchanga unaoletwa na mito umeisumbua miaka mingi, jambo baya kwa meli na pengine jema kwa ndege. Lakini leo barabara ni uji, gari linateleza, na dereva wangu amenyamaza kwa namna ninayoijua. Itungi inaondoka kwenye orodha. Songwe pia. Watu wa umri ule, siku moja, mvua: si haki kuwapeleka.

Saa saba na nusu mchana, Matema

Mbasa wa kuchoma, wali wa Kyela, pilipili. Naandika huku nakula.

Mbali ziwani unainuka moshi mweusi, mrefu, unaoegemea upande mmoja. Si moshi. Ni visubi wa ziwa, wameibuka kwa wingi usiohesabika. Naubakiza Matema kwa ajili ya alasiri: upepo wa ziwa umeshaanza kupiga mawimbi, tai mla samaki anaita kwenye miti, kuna kivuli, choo kizuri na chakula. Asubuhi hapa si pa kutazamia ndege. Milima ya Livingstone iko mashariki, imesimama karibu kabisa na maji, na jua linachelewa kuivuka. Halafu Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyokuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mke wa mwalimu alikwisha sema kwamba yeye ndege anawatazama kwa ajili ya mumewe.

Saa tatu usiku, Mbeya

Nimeoga, matope ya Mwaya yamebaki kwenye beseni. Naangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua za vipindi, ngurumo mchana. Asubuhi ina nafuu. Namwandikia mwalimu:

"Shikamoo, mwalimu. Tutaondoka saa tisa usiku, naomba radhi. Saa kumi na mbili na nusu tuwe Mwaya kwenye ulimi wa mchanga, kabla ya ng'ombe. Saa tatu na nusu majaruba, nimeshaomba njia. Mchana Matema, na mama atapata muda wa soko la vyungu. Mje na mabuti, kofia na kitambulisho. Sweta mtalihitaji mpaka Tukuyu tu."

Jibu linakuja baada ya dakika kumi. "Marahaba. Saa tisa tutakuwa getini. Mama anauliza vyungu vikubwa vinaingia kwenye buti ya gari?"

Nampigia dereva kumuuliza. Anasema viwili, vikifungwa kwa majani ya mgomba, na kwamba tairi ya akiba itabidi ihamie juu.