Kanisa Lililohamia Marekani

Nilishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha St Paul's, nikafuata Cheapside, kisha nikakata kushoto kuingia Wood Street. Hii ndiyo City, London kongwe, ambayo siku hizi ni ya mabenki na mawakili. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza makanisa ya parokia 87 humu, na yaliyojengwa upya chini ya msanifu majengo Christopher Wren ni 51 tu. Mengine yameachiwa vibao vya buluu ukutani. Mwanzoni mwa Wood Street kuna kiwanja kidogo chenye uzio wa chuma na mti mmoja mkubwa. Hicho ndicho kilichobaki cha kanisa la Mtakatifu Petro. Mbele yake, katikati ya barabara, umesimama mnara wa St Alban bila kanisa lake, magari yanauzunguka kama kipilefti.

Mimi nilikuwa nalifuata kanisa la St Mary Aldermanbury, kwa hiyo nikaingia Love Lane, kichochoro kifupi tu, nikatokea kwenye bustani. Wafanyakazi wa maofisini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakila mikate yao, macho kwenye simu. Ukiangalia chini unaona misingi ya kuta na vitako vya nguzo vimejipanga katika majani, na hapo unaelewa kwamba wale jamaa wanakula ndani ya kanisa.

Kanisa hili linatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1181. Liliungua 1666, Wren akalijenga upya, likaungua tena usiku wa Desemba 29, 1940, ndege za Ujerumani zilipoumwagia mji mabomu ya moto. Ilikuwa Jumapili, majengo mengi yamefungwa, mabomba makuu ya maji yamepasuka, na mto Thames umekupwa mno kiasi cha kuwahangaisha wazima moto. Kulipokucha zilibaki kuta na mnara.

Kuta hizo zilisimama magofu zaidi ya miaka ishirini. Halafu wakatokea watu wa Chuo cha Westminster, kilichoko Fulton, mji mdogo wa jimbo la Missouri. Machi 5, 1946 Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alihutubia chuoni hapo, Rais Truman wa Marekani akiwepo, akasema pazia la chuma limeshuka katikati ya Ulaya, yaani kuitenga Ulaya ya Mashariki iliyokuwa chini ya Wasovieti na ile ya Magharibi. Chuo kilitaka ukumbusho wa siku hiyo, kikaona magofu ya London yanafaa. Basi mawe kama 7,000 yakatiwa namba, yakapakiwa melini, yakavuka Atlantiki, kisha mafundi wa Missouri wakaanza kutafuta lipi linakaa juu ya lipi. Jengo lilizinduliwa Mei 1969. Jiwe lililowekwa na chuo hicho bustanini linayaeleza haya kwa ufupi.

Sitaki kuwalaumu Wamarekani. Bila wao pengine mawe yale yangeishia kuwa kifusi. Lakini kumkumbuka Churchill kwa kanisa la parokia ambayo hakuwa mtu wake, tena ng'ambo ya bahari, kwangu ni ukumbusho wa kuazima.

Wenyewe wa parokia wako hapa hapa. Katikati ya bustani kuna mnara wa mawe uliowekwa mwaka 1896, juu yake sanamu ya kichwa cha Shakespeare. Mgeni atadhani ni wake. Maandishi yanasema vingine: ni wa John Heminges na Henry Condell, waigizaji wenzake, waliokaa mtaa huu na kuzikwa katika kanisa hili. Shakespeare alifariki 1616 na nusu ya tamthilia zake hazijawahi kuchapwa. Hao wawili walikusanya miswada, na mwaka 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye tamthilia 36. Kati yake, 18 zilikuwa hazijapata kuonekana kwenye chapa, mojawapo ile ya Julius Caesar.

Hapo nilisimama kidogo. Ile ndiyo tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, akaichapisha mwaka 1963 akiwa rais, na Bruto na Antonio wakazungumza Kiswahili. Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, tungeipata kwa vyovyote, maana ilikwisha kuchapwa Shakespeare akiwa hai. Kaizari tunadaiwa na waigizaji wawili wa Aldermanbury ambao hata majina yao hatukuwahi kufundishwa.

Jaji Jeffreys, yule aliyenyonga watu kwa mamia baada ya uasi wa 1685, naye alizikwa hapa. Sikuona haja ya kumtafuta.

Nilipotoka bustanini nilipita Maktaba ya Guildhall, iko jirani tu kwenye barabara ya Aldermanbury, nayo inamiliki nakala ya kitabu kile cha 1623. Huonyeshwa kwa nadra, na siku hiyo haikuwa zamu yake.