Chumvi ilipopungua jikoni

Kipupwe kimeshika. Alfajiri hizi za Julai hapa Mbagala, Dar es Salaam, nyuzijoto zinashuka mpaka 19 au 20, na vijana wa bodaboda wanatoka wamevaa makoti. Magoti yangu yanalalamika, lakini mchicha umenawiri kweli. Upepo wa kusi unavuma, jua haliunguzi, magugu nayo hayana ile kasi ya mwezi wa nne. Kwa mtu wa umri wangu mwenye kibustani nyuma ya nyumba, hii ndiyo miezi ya raha.

Nataka kuandika kuhusu chakula, maana tangu mzee wangu aambiwe ana presha, mambo ya jikoni na mambo ya bustani kwetu yamekuwa kitu kimoja.

Daktari alisema chumvi ipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja hivi, na hapo imehesabiwa hata ile iliyojificha kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye samaki wa kukausha. Sasa mzee wangu ni mtu wa pwani. Amekulia ng'onda na papa. Wiki za mwanzo alikuwa akila matonge mawili matatu, anasogeza sahani pembeni. "Mama watoto, chakula kimepooza," ananiambia, kwa upole tu, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

Nilimwelewa. Ulimi nao unazeeka. Ladha tunaihisi kidogo kuliko zamani, hata kiu inapungua, ndiyo maana wakati wa joto wazee wengi tunaishiwa maji mwilini bila kujijua. Ukimwondolea mzee chumvi usimpe kitu kingine mahali pake, umemwondolea hamu ya kula, na mzee asiyekula hudhoofu upesi. Nikaanza kutafuta hicho kitu kingine, na nilikikuta nyuma ya nyumba.

Mboga iliyochumwa na kuingia sufuriani saa ileile haidai chumvi nyingi. Hili naliamini kabisa. Mchicha wa genge umekatwa jana jioni au usiku wa manane, umepanda pikipiki, umeshinda juani ukinyunyiziwa maji usinyauke. Simlaumu mama wa genge, na vitunguu na nyanya nanunua kwake. Ila utamu wa mboga ile umekwishapungua njiani, na pengo hilo ndilo tunaloliziba kwa chumvi.

Matembele ndiyo yaliyomrudisha mzee wangu kwenye sahani. Nachuma ncha tu, pale panapokatika kwa kidole kwa mlio mdogo. Ikigoma kukatika imekomaa, naiacha. Vikonyo navimenya, navuta ule uzi mwembamba kutoka juu hadi chini. Kitunguu maji kinalainika kwenye mafuta kidogo, kinafuata kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga, nyanya moja, halafu matembele yakiwa bado yanachuruzika maji. Hayakai sana motoni. Tui jepesi linaingia mwishoni pamoja na pilipili mbuzi nzima, isipasuke, tunataka harufu yake. Nikishaepua ndipo nakamua ndimu. Ukali wa ndimu unafanya ile chumvi kidogo iliyomo ijitokeze, na hiyo ndiyo siri yote ya jikoni kwangu siku hizi: ndimu, ukwaju, au embe bichi msimu wake ukifika. Siku ya kwanza kula hivyo alimaliza sahani, akaomba kipande kingine cha ndimu.

Dawa zake anameza kila siku kama alivyoandikiwa. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu mitaani wapo wanaouza majani na kuwaambia watu waache vidonge. Mboga ni chakula. Kidonge kina kazi yake.

Ng'onda hatukuiacha kabisa, isingewezekana. Inakuja Ijumaa moja moja. Nailoweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji naloweka tena, kisha inapikwa na kisamvu ambacho hakikutiwa chumvi hata chembe. Chumvi iliyobaki kwenye samaki inatosha sufuria nzima. Kisamvu chenyewe nakichuma kwenye ule mti wa kisamvu mpira ulioko pembeni ya ukuta. Kutwanga ni kazi ya mjukuu wangu Jumamosi, mikono yangu haikiwezi tena kinu. Namsimamia atwange kilainike haswa, halafu kinachemka muda mrefu bila kuharakishwa, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ya asili ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. "Bibi, bado tu?" Bado, mjukuu wangu. Twanga.

Zamani nilikuwa naamua jikoni tutakula nini. Siku hizi naangalia mawingu kwanza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, matone makubwa yanarusha mchanga mpaka kwenye majani, miche ya mchicha inalala, konokono wanamaliza iliyosalia. Miezi hiyo tunakula matembele na kisamvu, maana marando yanakumbatia ardhi na mti unajisimamia wenyewe. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilisomba tuta zima, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tulikesha tukisikiliza mabati. Tangu hapo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa hainipiti. Naisikia jioni redioni, ndipo naamua kama kesho nitasia mbegu au nitangoja.

Kaskazi ni habari nyingine. Januari na Februari joto linapanda mpaka 32 na kuzidi, na mchanga wa huku kwetu haushiki maji hata kidogo. Mchicha ukikosa maji unakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa magumu. Dawa yake ni samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, matandazo ya majani makavu juu ya tuta, na kumwagilia kabla jua halijachomoza. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, bustani iliishi kwa maji ya kuoshea mchele na mboga. Bamia ndizo zilizovumilia kuliko zote. Tulikula mlenda wa bamia mpaka mjukuu akasusa.

Ndoo ya lita 20 siibebi tena. Namwagilia kwa kidumu cha lita 5, napalilia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na matuta mawili tumeyainua kwa matofali ili mgongo usiiname sana. Watoto wetu wanatuambia tupumzike, tumefanya kazi vya kutosha, na wakija kututembelea wanaleta soseji, biskuti na juisi za boksi. Wanatupenda, najua. Lakini sikubaliani nao. Nimeona wenzetu waliostaafu, kiinua mgongo kikaisha, wakabaki kwenye kiti mbele ya televisheni kutwa nzima, na kila kinachoingia mdomoni kimetoka kwenye pakiti. Mimi nataka niamke na sababu ya kufungua mlango wa uani. Wakiuliza watuletee nini, nawaambia mbegu, ndizi mbivu, na unga wa ulezi.

Chakula cha usiku tumekisogeza mapema, mara tu baada ya magharibi, na ugali ni wa dona, kipande kidogo kuliko cha zamani. Mboga ndiyo imejaa sahani. Usingizi umekuwa mwepesi kuja.

Vuli ikianza Oktoba nitapanda bamia na nyanya chungu, ardhi nimeanza kuitengeneza kidogo kidogo. Mzee wangu anataka nyanya. Nimemwambia nyanya na mvua hazipatani, ukungu utazimaliza zikiwa bado changa. Amesema atazipanda kwenye viroba barazani, chini ya paa, na atazimwagilia mwenyewe. Viroba ameshaviosha, vinakauka kwenye kamba.