Laki mbili

Leo Jumamosi, na tangu Jumapili iliyopita nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema yale maneno niliyomwambia bamdogo. Nikipiga mswaki nayasikia. Nikiwa kwenye daladala konda anaita Kiseke Kiseke, mimi nayasikia. Kwa hiyo nayaandika hapa labda yatatoka, maana kusoma sisomi na mtihani wa bodi ya uhasibu umebaki wiki mbili na siku tatu.

Jumapili tulienda Igombe kwa bamdogo. Mwezi ulikuwa mkubwa, na mnajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo wale vijana wake wote walikuwepo nyumbani, mama akabeba unga na mchele, mamdogo akakaanga sato, yaani ilikuwa siku nzuri kabisa. Mimi kama kawaida nimebeba daftari. Nyie mnajua Novemba nilibaki na karatasi moja, tena sio ya sheria wala ya takwimu, ni ile ya uhasibu wenyewe, ile aibu niliyowaandikia Januari matokeo yalipotoka. Siwezi kurudia Novemba nyingine na karatasi hiyohiyo, bosi ameshaanza kuniita "mhasibu mtarajiwa" kwa sauti ambayo siipendi.

Sasa mwalimu wetu wa rivyu, yale masomo ya kujiandaa na mtihani, ana mtindo wake. Anasema friji ya Kampuni ABC haikai kichwani, chukueni kitu cha nyumbani mkikatie uchakavu, yaani mgawe bei yake kwa miaka ya matumizi, kitu ambacho mnajua kilinunuliwa lini na shilingi ngapi. Mimi nikachukua mashine ya boti ya bamdogo. Nani kwenye ukoo wetu haijui ile mashine? Yamaha ya nguvu za farasi 15, aliinunua 2018 kwa milioni tano na laki mbili, pesa ya kuuza ng'ombe na mchezo (upatu) wa mamdogo, na siku inafika ilipigwa picha kuliko bibi harusi. Nikaikadiria miaka 5, mwisho wa miaka hiyo nikasema tukiiuza kama chakavu tutapata laki mbili, hiyo ndiyo inaitwa thamani ya mabaki. Hesabu nyepesi: 5,200,000 toa 200,000, gawa kwa 5, milioni moja kila mwaka. Nikaandika jedwali langu vizuri na rula.

Bamdogo akaja nyuma yangu na kikombe cha chai. Akauliza naandika nini. Hapa ndipo ningesema "masomo tu bamdogo" yakaisha. Lakini mimi na kiherehere changu:

"Bamdogo, mashine yako ilikwisha Desemba 2022."

"Ilikwisha nini? Juzi imeenda Ukerewe ikarudi."

"Kwenye vitabu. Imebaki laki mbili tu."

Akaangalia lile jedwali muda mrefu, na hana miwani. Vijana wameshaanza kucheka. Akasema, "Haya. Na mimi nina miaka 64. Kwenye vitabu vyako nimebaki shilingi ngapi?"

Nikasema, tena kwa sauti ya juu ili na mama asikie kule jikoni: "Wewe bamdogo ulishamaliza kuchakaa zamani, wewe ni thamani ya mabaki!"

Kicheko. Mkeka mzima ulilala. Na yeye alicheka, nataka hilo liandikwe, alicheka. Halafu akaweka kikombe chini bado kina chai nusu, akasema, "Haya, mabaki yanaenda kulala," akaingia ndani. Ilikuwa saa moja na nusu. Bamdogo ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumuona analala kabla ya saa nne.

Hakuna mtu mwingine aliyeona. Mamdogo aliendelea kugawa sato. Mama mpaka leo anairudia kwa majirani kama utani mzuri, "mwanangu kasoma, kamwambia shemeji yangu ni mabaki", na kila akisema natamani ardhi inimeze. Maana huyu ni mtu ambaye daktari alimwambia mwaka jana ziwani basi, mgongo umekataa. Tangu hapo anaamka saa kumi na moja bado, anakaa mwaloni, pale boti zinapotua, anawasubiri vijana warudi, anawapokea kamba. Huyo ndiye niliyemwambia.

Nimeirudia mara mia. Kuna toleo ambalo namjibu "wewe bamdogo ni ardhi, ardhi haikatiwi uchakavu". Hilo ni jibu zuri sana na ni kweli, ardhi haichakai, ipo kwenye notsi zangu ukurasa wa tatu kwa wino mwekundu! Lilinijia Jumatatu saa nne asubuhi nikiwa kaunta. Lilikuwa wapi Jumapili?

Na kuna toleo la kitaalamu zaidi ambalo lilinijia Jumanne usiku, hili ndilo linaniuma. Ukishaweka makadirio ya miaka, hujamaliza. IAS 16, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali, inataka uyaangalie tena angalau kila mwisho wa mwaka. Kitu kama kimeandikwa kimefika mwisho na bado kinaenda Ukerewe na kurudi, kosa sio la kitu, ni la aliyekadiria. Na ukigundua hurudi nyuma kufuta miaka iliyopita, unabadilisha kuanzia hapo kwenda mbele, lakini hapo kuwe bado kuna thamani ya kugawa, sio usubiri mpaka imekatwa yote ndio uanze kushangaa. Sasa si ningemwambia hivyo tu? "Bamdogo, sisi ndio tulikukadiria vibaya." Angecheka mpaka chai imwagike. Badala yake nimemwambia ni mabaki.

Au ningetumia ile njia nyingine, ya kukata asilimia ya kinachobaki. TRA, watu wa kodi, vyombo vya majini wanavikatia 25% kwa mtindo huo, na uzuri wa njia yenyewe kihesabu ni kwamba haifiki sifuri hata ukate miaka mia, kila mwaka unakata robo ya kilichopo na lazima kitu kibaki. Nimeifanyia hesabu usiku huohuo, sijui kwa nini, badala ya kulala. Mwaka wa kwanza 3,900,000, wa pili 2,925,000, na kuendelea, mpaka Desemba iliyopita miaka 8 imebaki 520,587. Laki tano na ushee. Angalau.

Kazini wiki hii nilikuwa hovyo. Jumatatu jioni nimetoa zedi ripoti ya EFD, ile ya mauzo ya siku kwenye mashine ya risiti, vizuri, kufika kwenye kitabu cha benki hakibalansi, tofauti 180,000. Nimetafuta mpaka giza, mlinzi anapiga funguo getini. Halafu nikakumbuka ile mbinu, tofauti ikigawanyika kwa 9 ujue huenda kuna tarakimu umeigeuza au sifuri imezidi. 180,000 kwa 9 ni 20,000. Nikatafuta elfu ishirini. Ipo: makreti ya soda, elfu ishirini, na mimi kwa mkono wangu nimeingiza 200,000. Laki mbili! Nilicheka peke yangu pale stoo kama chizi.

Jumatano washenga wa mdogo wangu walikuja, wakapokelewa, ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, tukala, hayo nitaandika siku nyingine. Ninachokumbuka mimi ni kwamba bamdogo alikuwepo kama msemaji wetu, kavaa koti la kijivu, na hakuniangalia. Au aliniangalia kawaida na mimi ndio naona visivyokuwepo. Nilimpa shikamoo akaitika "marahaba mwanangu" kama siku zote. Nikaipima hiyo marahaba usiku kucha. Ilikuwa fupi? Huwa inakuwa ndefu kiasi gani?

Halafu Alhamisi mchana simu. Bamdogo. Na yeye huwa hapigi, yeye anabipu. Nikatoka nje ya duka, moyo unaenda mbio, nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyaandaa tangu Jumatatu, nikasema "bamdogo kuhusu ile Jumapili", akanikata.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Kwenye kitabu chako. Ile chakavu yako ya laki mbili nimeiuza milioni moja na laki tisa. Pesa mkononi. Muulize mwalimu wako anasemaje."

Na akaanza kucheka, kicheko kile chenyewe, cha kukohoa mwishoni. Nyuma namsikia mamdogo anamwambia apunguze sauti. Kumbe kuna kijana wa Kayenze alikuwa anaitaka tangu Krismasi, wakawa wanavutana bei, na vijana wake wameshapata mashine yao mpya ya mkopo, ile ya zamani mara nyingi ilikuwa inakaa tu kwa sababu yeye alikuwa hataki kuitoa. Jumatatu asubuhi, siku ya pili yake jamani, siku ya pili ya maneno yangu, akaenda kununua plagi mbili mpya, akaifungia kwenye lile pipa la maji uani, akaiwasha mbele ya mteja, ikaitika kwa mvuto mmoja. Mmoja tu, kanirudia mara tatu. Ndio maana bei ikapanda.

Nikamwambia hiyo ni faida ya kuuza mali, milioni moja na laki saba, inaingia kwenye taarifa ya mapato. Akasema, "Unaona sasa! Vitabu vyako havikujua." Nikasema vitabu havikujua bamdogo. Akafurahi sana. Akasema nikifaulu atanipa kitu kwenye hiyo faida, halafu salio likamuishia au alikata, sijui.

Nilirudi kaunta mwepesi kabisa. Nilimuuzia mteja kreti nikasahau kumdai chupa. Siku nzima ile nilikuwa nasema kumbe hakuumia, kumbe alichokisikia yeye ni laki mbili ya mashine, yale mengine yalipita. Mtu anayeumia hapigi simu anacheka. Na kama mwanafunzi nilifurahi pia, maana swali la kuuza mali ndilo lililonikamata Novemba na sasa nimelipata hai, na mhusika anakohoa kwenye simu. Nimelifanya kwa njia zote mbili: kwa ile ya kukata sawasawa faida ni 1,700,000, kwa ile ya asilimia ni 1,379,413. Mashine ileile, pesa ileile mkononi kwa mtu yuleyule. Sijui kwa nini hiyo inanisumbua wakati mwalimu alisema ni kawaida.

Ila jana nikaenda Igombe kuchukua mabeseni ya mama. Mamdogo hakuwepo. Bamdogo alikuwa mwaloni. Uani lile pipa bado lipo pale chini ya mwembe, maji yake bado yamo, juu yana mafuta yale ya rangi rangi, na ule ubao aliougongomelea kwa ajili ya kuifungia mashine una alama mbili za vile vishikizo, zimeingia ndani ya mbao kabisa, miaka 8. Nikasimama pale na mabeseni kichwani.

Na daftari lake la mashine lilikuwa kwenye dirisha, lile la kava ngumu lililolainika kwa maji. Nikalifungua, najua sio tabia nzuri. Kila kitu kipo. Mwandiko wake ule wa kulala. 2019 propela. 2020 gaskiti. 2021 ringi, na pembeni kaandika "imesumbua". Plagi, plagi, oili, plagi. Nikajumlisha nikiwa nimesimama, kwa kichwa, hadi pale nilipochoka, ikapita milioni mbili. Mimi kwenye jedwali langu la rula sikuweka hata senti ya matengenezo, wala hayakai pale, yanaenda kwenye gharama za mwaka husika, najua, lakini ndio yaliyoifanya ifike miaka 8 na mimi nilikadiria 5 bila kumuuliza. Mstari wa mwisho ni Jumatatu: plagi 2, elfu kumi na sita. Chini yake hajaandika imeuzwa. Amepiga mstari tu kwa rula, na yeye hana rula, ule mstari umenyooka, sijui alitumia nini.

Sijamuuliza mtu. Mama nikimuuliza atasema nina mawazo mengi. Labda aliuza kwa sababu bei imefika, kijana wa watu anataka tangu Krismasi. Lakini Krismasi hadi juzi ni miezi, na Jumapili hadi Jumatatu ni usiku mmoja.

Nilimkuta mwaloni wakati naondoka, kakaa kwenye boti iliyopinduliwa, anamuelekeza mtoto kufunga fundo. Kaniona na mabeseni akasema, "Mhasibu! Umeandika?" Nikasema nimeandika bamdogo. Akasema "haya", akarudi kwenye fundo. Ile radhi nimerudi nayo mpaka Kiseke.

Kesho diskasheni saa nane kwa yule dada wa Nyakato, tunafanya maswali ya gharama, sijagusa hata moja. Halafu huku nyumbani kuku wa mama mwenye nyumba, yule mweupe aliyejificha nyuma ya tanki, leo ana siku ya 23 kwenye mayai na hakuna hata ufa. Mama mwenye nyumba yupo Magu hadi Jumanne na kaniachia mimi nimuangalie. Nimeweka sikio asubuhi, nimeweka tena sasa hivi kabla ya kuandika. Kimya. Na hataki kutoka kula.