Daktari aliyetaka kuziona dawa zangu zote

Majibu ya damu ya kupima thairoidi, ile tezi ya shingoni, yametoka leo mchana: TSH 2.3. Nimeyasoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara na nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka kijana wa mapokezi akageuka kuniangalia. Namba hiyo iliwahi kuwa 38, na karatasi ya maabara yetu inasema mwisho wa kawaida ni kama 4.

TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye thairoidi yenyewe. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingoni itengeneze homoni. Shingoni kukilala, TSH inapanda, kama mama anayemwita mtoto asiyeitika: kila akinyamaziwa anapaza sauti. Kwa hiyo 38 yangu zilikuwa kelele kubwa mno, na kwa muda mrefu hakuna aliyezisikia.

Nilikuwa navaa sweta Dar es Salaam mwezi wa Januari. Wenzangu ofisini kwa walimu wanapigania kukaa karibu na feni, mimi natafuta kona isiyofikiwa na upepo. Sauti ikaanza kukwaruza, tukasema ni vumbi la chaki. Nikasahau majina ya wanafunzi niliowafundisha tangu kidato cha kwanza. Choo kigumu, ngozi ya miguu kama magamba, nywele zinabaki kwenye kitana. Mwili nao ukaongezeka, na hapo ndipo watu walipofurahi kwa niaba yangu: "Ndoa imekukubali, mwalimu!" Ningewaelezaje kwamba jioni nikifika nyumbani nalala na viatu? Huku kwetu mtu akinenepa haulizwi anaumwa nini.

Hedhi nayo ilikuwa nzito, ndiyo maana walipopima waliona kwanza upungufu wa damu. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nipumzike. Ilipita miezi mingi kabla daktari mwingine hajaagiza kipimo cha thairoidi, na hapo nikaanzishiwa levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi. Nilidhani safari imeisha.

Haikuisha. TSH ilishuka hadi 11, ikagoma. Dozi ikapandishwa kutoka mikrogramu 50 hadi 75, kisha 100, na kila nikirudi daktari aliitazama karatasi kuliko alivyonitazama mimi. Mara ya mwisho aliniuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta, "Lakini dawa unakunywa kweli?" Nilikuwa nakunywa kila siku ya Mungu. Nilitoka pale nimeumia, maana mgonjwa akishahesabiwa kuwa mwongo hata maumivu yake hayasikilizwi tena.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja, bingwa wa magonjwa ya ndani. Hata si bingwa wa homoni. Hao ni wachache, na foleni zao unazijua. Nilipopiga simu kuomba nafasi niliambiwa neno moja tu: njoo na kila kitu unachokunywa, hata cha dukani, hata cha mitishamba.

Nikaenda na mfuko wa rambo. Akaumimina mezani, akavaa miwani, akasoma maandishi ya kila kopo taratibu. Levothairoksini. Vidonge vya damu. Kalsiamu. Vitamini za nywele. Kopo la unga wa mwani ambalo shoga yangu aliniletea kutoka Paje, Zanzibar, kwa sababu huko wanaulima na kila mtu anasema mwani ni dawa ya tezi.

"Mwanangu, hivi unavinywa saa ngapi?"

Nikamweleza. Asubuhi, na chai ya maziwa, vyote kwa pamoja niwahi kipindi cha kwanza. Dirishani walikuwa wameandika moja mara moja kwa siku, asubuhi, kwenye pakiti zote mbili, ile ya thairoidi na ile ya damu. Hakuna aliyeniambia neno zaidi ya hilo.

Hakunigombeza. Alichukua pakiti ya levothairoksini akaiweka ukingo mmoja wa meza, akachukua ya vidonge vya damu akaisogeza hadi ukingo wa pili, kisha akaifuatishia na kopo la kalsiamu. "Hawa wasikutane," akasema. "Saa nne kati yao, zisipungue." Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu huishika dawa ya thairoidi tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu, na kalsiamu hivyo hivyo. Dawa ya thairoidi inataka tumbo tupu na maji matupu, halafu ungoje nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai yako.

Dozi hakuigusa. Alisema nilichokuwa nakikosa ni nafasi ya dawa kuingia mwilini, na angeipandisha siku ile, siku chuma kikitengwa ningekuwa na dawa ya kuzidi. Moyo ungeanza kwenda mbio, na baada ya miaka hata mifupa ingedhoofika. Akanipa maji kwenye glasi, akaniambia nimeze huku anatazama shingo yangu. Akagonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo. Unyayo ukaruka, halafu ukarudi polepole kama umechoka. Akaniita nitazame mwenyewe. Muda wote ule wa kuumwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona ugonjwa wangu kwa macho.

Kipimo kingine cha damu kilionyesha kinga ya mwili wangu ndiyo inayoishambulia tezi. Unaitwa ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeandika kuhusu wanawake 4 mwaka 1912. Kwa hiyo wangu haukutokana na kukosa chumvi yenye madini joto, na mwani, wenye madini joto hayo hayo, haukuwa na la kunisaidia. Madini joto yakizidi huweza hata kuzidisha tatizo la mtu kama mimi. Shoga yangu wa Paje nilimweleza kwa upole. Alileta kwa mapenzi.

Kisha daktari mwenyewe akaniuliza, kabla sijafungua mdomo: "Ramadhani unafanyaje?" Tukapanga. Dawa nitainywa usiku kabla ya kulala, zikiwa zimepita saa tatu tangu nilipokula mara ya mwisho, na kama usiku huo futari imechelewa na wageni wamejaa, basi niamke mapema kabla ya daku. Kuna madaktari wanaongoja mgonjwa afunge, avuruge dawa, ndipo walaumu. Huyu alijua naishi wapi na naishi vipi.

Aliniambia nirudi baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, kwa kuwa dawa hii huchukua kama wiki nzima nusu yake kuisha mwilini, na TSH nayo haina haraka. Katika kungoja huko baridi ndiyo iliyoondoka kwanza. Sauti ikafuata. Mwili haujapungua kama nilivyotamani, naye alinieleza mapema kwamba sehemu inayoletwa na thairoidi si kubwa, nyingi yake ni maji na chumvi, na kwamba hii si dawa ya kukonda. Nilipendelea kuambiwa hivyo kuliko kupewa matumaini ya duka la vipodozi.

Sasa mawazo yangu yako kwa mdogo wangu. Ugonjwa huu hupenda kufuata familia, naye tangu mwaka jana analalamika uchovu na nywele, na anataka kubeba mimba mwakani. Mjamzito mwenye thairoidi iliyolegea huhitaji dozi kubwa zaidi, na mapema, kwa sababu mtoto mwanzoni anategemea homoni za mama. Jumatatu nampeleka kupima TSH na T4, homoni inayotengenezwa na thairoidi yenyewe. Anakunywa zile vitamini za nywele zenye bayotini nyingi, ambazo huweza kuyapotosha majibu ya maabara yakaonekana mazuri ilhali sivyo, kwa hiyo nimemwambia aziache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu. Ameniuliza kama nywele hazitakatika zaidi. Nimemwambia tutamuuliza daktari, na aje na makopo yote.