Rola ya shaba na asili ya vimaua vidogo

Ukitazama vitambaa vya pamba vilivyochapwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, utaona vimaua, nukta na mistari myembamba kila mahali. Ladha ya wanunuzi ilichangia, lakini nakshi ile iliamuliwa kwa sehemu kubwa na chuma na shaba.

Thomas Bell, Mskoti, alipata hataza ya kuchapa kwa rola mwaka 1783. Kabla yake mchapaji alichovya kibao cha mbao kwenye rangi, akakibandika kitambaani, akakigonga kwa nyundo, kisha akasogea mbele. Kila rangi na kibao chake. Rola, yaani silinda ya shaba iliyochongwa nakshi, haisimami. Huchukua rangi sehemu zote, kisha kisu cha chuma hukwangua uso wake, na rangi hubaki ndani ya michongo tu.

Kisu hicho ndicho kinachotesa. Chembe moja ya mchanga ikinasa chini yake, kitambaa hutoka na mstari wa rangi mita baada ya mita. Ndiyo maana rangi huchujwa, na kisu husogezwa polepole kushoto na kulia. Kisu cha pili, upande wa pili wa rola, huondoa nyuzi zilizong'oka kitambaani. Eneo pana la rangi moja nalo halichongwi kama shimo tupu, maana kisu kingezama na kukomba rangi yote. Huchongwa mistari ya mshazari iliyosongamana, na kisu hupita juu ya kingo zake.

Kuchonga rola nzima kwa mkono kulikuwa kazi ndefu mno. Manchester wakaanza kuchonga ua moja kwenye kirola kidogo cha chuma laini, wakakikaza kwa moto, wakakikandamiza kwenye kirola cha pili ili ua litokeze juu. Hicho cha pili, kikishakazwa, ndicho kilichobonyeza shaba. Mzingo wake lazima uingie kamili katika mzingo wa rola: sentimita 8 huingia mara 5 katika 40. Ukizidi kidogo tu, ua la mwisho hupanda juu ya la kwanza. Kwa hiyo ua dogo lilikuwa rahisi kuliko kubwa.

Sasa fikiria kanga: urefu wa karibu sentimita 150, pindo pande zote nne, mji katikati. Rola yenye mzingo wa sentimita 40 ingekuwa imeshaanza upya kabla ya kufika katikati ya mji.