Nilivyodai malipo ya ovataimu Malindi

Nyumba nyingi za wageni ninazozijua hapa Malindi hazina kitabu cha wafanyakazi kusaini wanapoingia na kutoka. Niliyokuwa nikipikia, upande wa Casuarina, ilikuwa hivyo hivyo. Msimu wa Krismasi naingia alfajiri kuandaa staftahi, natoka usiku bodaboda zimeshaadimika, na mshahara ni ule ule.

Nikaanza kuandika. Daftari la shule: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na mwisho wa mstari sahihi ya mzee wa bustani aliyeniona. Jumbe za meneja sikufuta hata moja: "Mama, wageni wanafika saa tano usiku, wawekee chakula." Za M-Pesa za mshahara nazo niliziweka, maana hati ya mshahara sikuwahi kupewa, ingawa Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aitoe.

Afisa wa leba alinifafanulia vizuri. Kwa kazi kama yangu, wiki ni saa 52 kwa siku sita. Zikizidi, kila saa hulipwa mara moja na nusu; siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Akauliza mkataba. Sikuwa nao, nikadhani mambo yameishia hapo. Kumbe kuuandika ni wajibu wa mwajiri, kazi ikifika miezi mitatu, na kesi ikienda mahakamani bila mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Saa za ziada zenyewe, akasisitiza, lazima anayedai azionyeshe. Hili wapishi wenzangu wengi hawalijui, na linaniuma, kwa sababu ndipo haki yao inapopotelea.

Meneja alipoitwa alisema, "Mama, sisi ni kama familia, mbona hukuniambia?" Afisa hakubishana naye. Alifungua ukurasa wa Desemba 25, akaweka simu yangu kando: ujumbe wa meneja mwenyewe, tarehe ile ile, usiku ule ule. Meneja akasoma, akaomba kikokotoo.

Tuliandikiana makubaliano nilipwe ovataimu kwa awamu, na nimelipwa. Posho ya nyumba, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa asiyepewa makazi, bado tunavutana. Wakikataa, Mahakama ya Ajira na Leba iko hapa hapa Malindi, na miaka mitatu ya kudai haijaisha.