Nilivyotengeneza sabuni ya karafuu na mishumaa ya nta jikoni kwangu

Harufu niliyoitaka kwenye sabuni yangu ilikuwa ya karafuu, ile yenyewe inayobaki vidoleni ukishachambua, si manukato ya dukani yenye picha ya karafuu kwenye chupa. Wengi wanaofundisha sabuni hapa Dar es Salaam watakuelekeza kwenye manukato ya viwandani, kwa sababu hayasumbui na hayabadilishi rangi ya sabuni. Karafuu inasumbua. Lakini inawezekana, tena kwa malighafi ambazo karibu zote zinatoka hapahapa nchini, na nimeona niandike njia nzima niliyoipitia ili anayetaka kuanza asiishie kukata tamaa.

Sizungumzii sabuni ya mche ya kufulia wala sabuni ya maji. Nazungumzia sabuni ya kuogea ya kipande, inayotengenezwa kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda bila kuchemsha, kisha ikaachwa ikomae. Mafuta na kostiki vikikutana vinageuka kuwa sabuni na gliserini, na vipimo vikiwa sawa kostiki yote inaisha humo humo. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja. Kikombe na kijiko havifai, maana kila mafuta yana kiwango chake: gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183 za kostiki, mawese 0.142, alizeti 0.135, nyonyo 0.128. Mtu akikupa kipimo cha kostiki kwa kilo moja ya mafuta bila kukuambia ni mafuta gani, usikifuate, hata awe mzoefu namna gani.

Mchanganyiko niliotulia nao kwa kilo moja ya mafuta ni huu: mawese gramu 500, nazi 300, alizeti 150, nyonyo 50. Mawese yanaipa sabuni ugumu, na yale mekundu ya Kigoma yanaipa rangi ya manjano ya kupendeza bila rangi ya kuongeza. Nazi inaleta povu jingi, lakini ikizidi inakausha ngozi, ndiyo maana siivushi gramu 300. Alizeti inalainisha, hiyo nayo siizidishi, kwa kuwa sabuni yenye alizeti nyingi inachacha mapema na kutoa madoa ya rangi ya chungwa. Nyonyo kidogo inalifanya povu lidumu. Ukipiga hesabu kwa viwango nilivyotaja utapata gramu 152.5 za kostiki. Mimi napunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi, natumia gramu 145. Maji ni gramu 300.

Hapa naomba usome polepole. Kostiki inaunguza ngozi na inapofusha macho. Navaa glavu ndefu, miwani inayofunika macho pande zote, na nguo ya mikono mirefu, na watoto hawaingii jikoni mpaka nimalize kuosha kila kitu. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kuruka. Mchanganyiko unapanda joto mpaka zaidi ya nyuzi 80 na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo nafanyia uani, nimeupa upepo mgongo. Sufuria zetu za alumini hazifai kabisa: kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nene inayostahimili joto. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, na ikiingia jichoni nenda hospitali baada ya hapo. Usipake siki. Na usidhani kostiki na magadi ni kitu kimoja. Magadi ni kitu kingine na hayatakupa sabuni hii. Kopo la kostiki lifungwe kabisa kila mara, kwani unyevu wa Pwani unaiharibu na vipimo vyako vinakuwa vya uongo.

Sasa karafuu yenyewe.

Mafuta ya karafuu yanakenekwa, yaani yanatolewa kwa mvuke, kutoka kwenye karafuu, kwenye majani na kwenye makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Pemba, ambako ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, lina kiwanda cha kukeneka mafuta hayo Wawi, Chake Chake. Mafuta ya makonyo na ya majani ni makali zaidi puani; ya karafuu zenyewe yana utamu ndani yake. Wapo wanaoloweka karafuu kavu kwenye mafuta ya nazi wakitarajia harufu itabaki. Haibaki, kostiki inaimaliza. Na ukisaga karafuu ukatia unga wake ndani, utapata sabuni inayokwaruza.

Tatizo la mafuta ya karafuu ni eujenoli, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa. Ikigusa mchanganyiko wa sabuni, inauharakisha mno. Kwa kawaida unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi ndipo unatia harufu na kumimina. Ukifuata utaratibu huo kwa karafuu, mchanganyiko unaganda ndani ya chombo kabla hujaufikisha kwenye kalibu. Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kipemba anayeuza viungo, mtu wa siku nyingi kwenye kazi hii. Nilipomuuliza akaniambia, "Karafuu haina subira, mwanangu. Wewe ndiwe uwe nayo."

Akanielekeza, na ndivyo ninavyofanya hadi leo. Mawese nayayeyusha mpaka yawe maangavu, nayachanganya na nazi na alizeti, kisha naacha mafuta na maji ya kostiki vipoe vyote hadi nyuzi 38 hivi. Nyonyo siitii; naiweka pembeni na ndani yake nachanganya gramu 5 za mafuta ya karafuu na gramu 15 za mafuta ya mchaichai, ili karafuu iingie ikiwa imetawanyika. Namimina maji ya kostiki kwenye mafuta, napiga blenda ya mkono sekunde chache tu, mpaka nisione tena michirizi ya mafuta juu, na hapo hapo nazima. Kuanzia hapo natumia mwiko, si blenda. Natia ile nyonyo yenye harufu, nakoroga kwa mkono, namimina. Kalibu inakuwa imeshatandikwa karatasi ya kuokea kabla sijaanza chochote. Gramu 5 zinaonekana chache, lakini karafuu ikizidi inawasha ngozi, na hiyo nusu ya asilimia inatosha kuisikia bafuni nzima. Mchaichai unaipunguzia ukali wake na harufu yake inadumu vizuri kwenye sabuni. Rangi itaelekea kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo tabia ya karafuu, na mimi naipenda.

Maelekezo mengi yanayotoka nchi za baridi yanasema ifunike sabuni kwa blanketi ikishamiminwa. Kwa joto la Dar usifanye hivyo, itapasuka katikati. Naiacha wazi mahali penye hewa, naikata kesho yake au keshokutwa, kisha vipande vinakaa kwenye rafu, vimeachana, kwa wiki 4 hadi 6. Kipindi cha masika nangoja zaidi, kwa kuwa gliserini inavuta unyevu wa hewani na sabuni inatoka vijitone. Kabla ya kumpa mtu napima kwa karatasi za pH, za kupimia ukali: sabuni halisi inasoma kati ya 9 na 10. Ikizidi hapo sana, haitoki nyumbani.

Mishumaa ilikuja baadaye na ni rahisi zaidi, ila nayo ina neno lake. Nta ya soya inayosifiwa sana inayeyuka kwenye nyuzi 50 hivi au chini yake, na mshumaa uliokaa ndani ya gari lililoegeshwa juani unafika umelegea. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na tunayo: wafugaji wa nyuki wa Tabora na misitu yote ile ya miombo wanaitoa. Nachukua gramu 400 za nta na gramu 100 za mafuta ya nazi, nayayeyusha kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, si moja kwa moja juu ya jiko. Nta ikishika moto unafunika na mfuniko. Ukimwagia maji unalipua jiko. Ikishuka hadi nyuzi 70 natia gramu 30 za mafuta ya harufu, karafuu na mchaichai tena, na mafuta ya maua ya langilangi matone machache kwa kuwa ni ghali. Nta ya nyuki inahitaji utambi wa pamba mnene kuliko ule wa nta nyingine. Ukiwa mwembamba unachimba shimo katikati na kuacha ukuta pembeni. Natumia glasi nene. Vifuu vya nazi vinapendeza kwenye picha, lakini kifuu kinashika moto, na siwezi kumuuzia mtu kitu hicho akiweke chumbani anakolala mtoto.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wa kicheni pati, wanaotaka sabuni na mshumaa kwenye kikapu kimoja. Kwa anayewaza biashara, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha utengenezaji wa sabuni na watakuelekeza hatua za kufika TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi, sabuni ya kuogea ikiwemo. Wapo wateja wanaoniuliza kama sabuni yangu inaondoa fangasi au inang'arisha. Nawajibu kwamba inasafisha, inanukia na haikaushi ngozi, basi. Nimepoteza mauzo kwa jibu hilo na nitaendelea kulitoa, kwa sababu ni ngozi za watu.

Vipande navifunga kwa karatasi, si nailoni, ili viendelee kupumua. Juu yake naandika mafuta yote manne, karafuu, mchaichai, na tarehe niliyokata.